Kati ya Jiko na Baraza

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Asajile nyuma ya nyumba yake kule Ikolo, Kyela, kati ya migomba na mikokoa, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiiandika simulizi hii na kuifuta. Ndiyo tabia yangu. Sentensi ikiwa na kasoro naona heri isitoke kabisa. Watu wanaonijua Mbeya, ambako natunga maswali ya hesabu kwa wanafunzi wa masomo ya ziada, wanaiita tabia hii umakini, nami nawaacha waite hivyo. Ukweli ni kwamba ni woga. Naogopa kuonekana sijui. Nitasimulia mwaka mmoja tu, ule niliokaa nyumbani baada ya kidato cha nne, kwa sababu mwaka huo woga wangu ulimwangukia mtu mwingine, na mtu huyo ndiye aliyenifundisha kwamba hesabu inaweza kuchekesha.

Mtu huyo ni Bupe. Tulikaa dawati moja shuleni. Yeye alifaulu hesabu kuliko wavulana wote, mimi nikapata F, na kabla vyeti havijatoka alikuwa ameshaolewa na Lugano, mtoto wa Mzee Asajile, jirani yetu. Lugano alikuwa Tunduma kwenye malori, anarudi mara mojamoja. Kwa hiyo jiko la Bupe likawa darasa langu. Lilikuwa jiko la mianzi lililosimama peke yake nyuma ya nyumba, limekandikwa udongo upande wa upepo tu, pande nyingine mwanga unapita kati ya mianzi na kuchora mistari juu ya vyungu. Nilikwenda na kitabu cha hesabu kisicho na jalada, nimekusudia kujifundisha mwenyewe mpaka F ile ifutike. Bupe alikipekua, akakiweka juu ya dari la kukaushia mahindi, akasema, "Hiki kitakuua. Tucheze kwanza."

Kucheza kulikuwa kupeana mafumbo. Wa tatu wetu alikuwa Zuhura, msichana wa Tanga ambaye baba yake alihamishiwa kwetu akiwa bwana shamba. Sheria ilikuwa moja: anayeshindwa anamenya ndizi. Mwaka ule mikono yangu ilikuwa na weusi wa utomvu kuanzia Januari, na ninavyokumbuka haikuwahi kutakata. Siku moja Bupe alikuwa na kaango dogo na ndizi tatu zilizopasuliwa bapa. Akauliza: kaango linaenea ndizi mbili, kila ndizi ina pande mbili za kukaanga, je, nikaange mara ngapi ili zote ziive pande zote?

"Nne," nikasema haraka. "Mbili za kwanza pande zote, halafu ya tatu pande zote."

"Tatu," akasema Bupe.

"Haiwezekani."

"Unang'ang'ania ndizi moja mpaka iishe pande zote, kwani mmefunga ndoa?" Zuhura akacheka mpaka akakalia ungo. Bupe akanionyesha: ya kwanza na ya pili upande mmoja, toa ya pili, weka ya tatu, geuza ya kwanza, mwisho rudisha ya pili upande uliobaki na ugeuze ya tatu. Tatu. Tulikula zile ndizi na usipa, dagaa wa ziwani, wa kukaanga, nami huku nacheka nilikuwa naumia. Nilitamani jibu lile liwe limetoka kinywani mwangu.

Ndipo tukasikia kikohozi kutoka barazani, na sauti ya mzee ikisema kana kwamba inaongea na kuku: "Na ndizi zikiwa tano je?"

Bupe aliganda. Zuhura akatuangalia mmoja mmoja. "Si umjibu? Ni baba mkwe wako huyo."

"Simjibu," Bupe akanong'ona.

"Mmegombana?"

"Hatujagombana. Mimi mkamwana. Simwangalii, siongei naye, tukikutana njiani mimi ndiye ninayepisha. Hata jina lake silitaji."

"Nyumba moja?"

"Nyumba moja."

"Jamani, nyie watu wa huku!" Zuhura akashika kichwa. "Sasa akitaka chumvi?"

"Anamwambia mama. Mama ananiambia."

Siku hizi wako wengi wasioushika mwiko huu, hasa waliojenga mjini. Mzee Asajile aliushika, na Bupe, ambaye kwa mambo mengine hakuwa mpole hata kidogo, aliushika kwa moyo, kwa sababu yule mzee alimheshimu kuliko watu wote wa nyumba ile. Akanisogelea sikioni. "Nenda kamwambie mara tano." Nikaondoka jikoni, nikazunguka nyumba, nikapiga goti barazani, nikamsalimu kama baba. "Mwagonile, tata. Anasema mara tano." Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba, kofia magotini. Alikuwa fundi wa mitambo ya meli ziwani enzi za ujana wake, na alikuwa na namna ya kuinamisha kichwa kana kwamba bado anasikiliza injini. Alishasikia jibu kupitia mianzi, najua, maana alikuwa anatabasamu kabla sijafika. Lakini alisubiri nimalize. "Ndaga, asante, mwanangu. Mwambie huyo wa jikoni kwamba namletea jingine."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Zuhura aliniita Posta. Kila alasiri, baada ya sahani kuoshwa, nilikwenda na kurudi kati ya jiko na baraza nikibeba mafumbo ya watu wawili wasioweza kuonana. Walisikiana vizuri kabisa. Bupe akikosea hatua, mzee aliguna kule, na Bupe akajirekebisha, halafu wote wawili wakangoja nitembee na jibu lililokwisha kusahihishwa. Mama Lugano, mama mkwe, alipita na mizigo yake akitikisa kichwa. "Watoto wa shule hawa watanifilisi kuni." Lakini hakukataza. Nyumba ilikuwa na furaha. Nakumbuka harufu ya kokoa inayokaushwa uani, chachu kama pombe, na Bupe akipepea moto huku anahesabu kwa midomo. Sikumbuki mahali pengine popote ambapo watu walifurahia kufikiri kiasi kile bila kutafuta cheti.

Nami nilikuwa katikati yao, na sikuwa naelewa. Hili sikumwambia mtu. Mwanzoni nilielewa, mafumbo yalikuwa madogo. Baadaye yalikua. Bupe alinieleza, akauliza, "Umeelewa?" nami nikajibu, "Nimeelewa," kisha nikayakariri maneno yake njiani kama mtoto anayetumwa dukani. Mzee akiuliza "Kwa nini?" nilirudi jikoni kuchukua "kwa sababu". Neno "sijaelewa" ni neno dogo, watoto wa chekechea wanalisema. Mimi lilinikwama kooni. Niliona kwamba nikilisema mara moja, wote wawili wataona ile F kwenye paji la uso wangu, na watatafuta mjumbe mwingine.

Zuhura aliondoka baba yake alipohamishwa tena, na masika yakaingia. Wanaoijua Kyela wanajua mvua yetu. Ikipiga bati, watu wawili kwenye mkeka mmoja hawasikilizani. Mama Lugano alikuwa amenunua vyungu kwa wanawake wa Ikombe, waliovivusha kwa mtumbwi hadi gulioni Matema, naye alivipanga barazani, vimelala kifudifudi, akingoja mvua ipungue apeleke mjini. Mzee alivitazama asubuhi nzima. Nilipofika alasiri, ungo kichwani kukinga mvua, alikuwa na fumbo tayari.

"Mwambie huyo wa jikoni. Achukue vyungu saba, vyote vimelala. Ruhusa ni kugeuza viwili kwa mpigo. Si kimoja, si vitatu. Kilicholala kinasimama, kilichosimama kinalala. Avisimamishe vyote saba. Mara ngapi?"

Nikapeleka. Bupe alikuwa anakoroga maharage. Aliuinua mwiko, ukadondosha mchuzi kwenye jivu, kisha akatabasamu. "Haiwezekani."

"Labda tujaribu tena."

"Hata ujaribu mpaka Yesu arudi. Sikiliza. Vilivyolala ni saba. Ukigeuza viwili vilivyolala, hesabu yao inashuka mbili. Ukigeuza viwili vilivyosimama, inapanda mbili. Ukichanganya, haibadiliki. Unapanda mbili, unashuka mbili. Kutoka saba utafikaje sifuri? Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Kila sentensi niliielewa peke yake. Zikiwa pamoja sikuelewa. Kwangu mimi "haiwezekani" lilikuwa neno la mtu aliyechoka, si jibu. Nikakimbia mvuani na kilichobaki kichwani. "Anasema haiwezekani, tata, kwa sababu saba ni witiri."

Mzee akainamisha kichwa. "Na nikiruhusu kugeuza vitatu vitatu? Saba ni witiri vilevile, na hapo vinasimama vyote. Muulize."

Nikarudi jikoni. Njiani vile vitatu vitatu vilinitoka. "Amesema witiri si sababu."

"Mimi nimesema witiri ni sababu? Nimesema unapanda mbili, unashuka mbili! Umemwambia hivyo?"

"Nimemwambia," nikasema. Sikuwa nimemwambia.

"Basi rudi umwambie tena, polepole."

Nikarudi barazani nimelowa, na mbele ya yule mzee maneno yakayeyuka yote. Ilikuwa niseme tu: tata, sijaelewa, ngoja nimuulize upya. Badala yake nikasema, "Anasema amejaribu sana, imeshindikana."

Uso wa mzee ulibadilika. Hakukasirika, alisikitika, kama mtu aliyefungua chungu akakuta wali umeungua. "Aa. Kujaribu ukashindwa si jibu. Mwambie nilidhani ana jibu."

Ujumbe huo niliufikisha wote, neno kwa neno. Ndio pekee wa siku ile niliofikisha bila kosa.

Bupe aliweka mwiko chini. Hakuchukua ungo. Alipita mvuani mbio, nami nyuma yake nikimwita, akapanda barazani, akapiga magoti mbele ya vyungu, maji yakimtiririka usoni. Mwanzoni aliongea na vyungu. "Viwili hivi. Vimebaki vitano. Viwili. Vimebaki vitatu. Viwili. Kimebaki kimoja. Haya, huyu mmoja nimgeuze na nani? Nikichukua aliyesimama, huyu anaamka, yule analala. Kimoja tena! Siku zote kitabaki, kwa sababu hesabu inakwenda mbili mbili!" Halafu akainua uso, akamtazama mzee machoni. "Unaona, tata?"

Mzee alikuwa ameinama mbele kwenye kiti, macho yake kwenye kile chungu cha mwisho. Niliona mdomo wake ukifunguka. Alisema, "Ee!" kwa sauti ya mtu aliyefurahi kweli. Wakatazamana. Nadhani ilikuwa muda wa pumzi moja. Kisha wote wawili wakajua mahali walipo. Mzee akafunika uso kwa kofia, akageuza kiti ukutani. Bupe akabaki amepiga magoti, mkono juu ya chungu. Na Mama Lugano akawa mlangoni.

"Ee Kyala, Mungu wangu! Bupe!"

Sitasimulia yote yaliyosemwa. Bupe alirudishwa kwao Talatala, na baba yake akamrudisha baadaye na jogoo na mpunga wa kuombea radhi, wazee wakakaa, mambo yakaisha kama yanavyoishaga. Lakini kabla ya hapo Mama Lugano alinishika mkono uani, akaniuliza, "Sekela, wewe ndiye uliyekuwa unapeleka maneno. Kulikuwa na nini hata mtoto wa watu atoke vile?" Nikasema, "Mama, mimi nilipeleka alivyosema." Wakaamua ilikuwa kiherehere cha Bupe. Usomi umempanda kichwani, walisema wanawake kisimani. Nilisimama pale na ndoo yangu, nikasikiliza, nikachota maji.

Mchezo ulikufa. Bupe alirudi akafunga mdomo. Akisikia kikohozi cha barazani aliingia ndani zaidi ya jiko. Mimi nikarudi kwenye kitabu changu kisicho na jalada.

Wakati wa kuvuna mpunga nilikutana na mzee kwenye tuta kati ya majaruba, njia ya kupita mtu mmoja. Nilishuka kwenye tope kumpisha. Akasimama. Alikuwa amekonda. "Mwanangu, bado unamtembelea huyo wa jikoni?" Nikasema ndiyo. Akatazama njia mbele na nyuma, kisha akaniambia fumbo. Mkwe na mkamwana wanatumia njia moja ya tuta kati ya nyumba na ziwa, maji marefu pande zote, hakuna pa kushukia. Asubuhi moja mkamwana anatoka nyumbani kwenda ziwani, na wakati huohuo mkwe anatoka ziwani kurudi nyumbani, na wote wanapaswa wawe wamefika kabla ya jua la utosi. Wanaweza kwenda haraka, kusimama, kurudi nyuma, watakavyo. Wafanyeje wasikutane? Na wakikutana, kosa ni la nani?

"Mpelekee," akasema. "Usimwambie mengine."

Nilipaswa kugeuka palepale na kwenda jikoni. Badala yake nikaamua nilitatue kwanza. Nilijiambia kwamba safari hii nitafika mbele ya Bupe nikiwa najua, ili akiniuliza "umeelewa?" jibu langu liwe kweli. Nikachora tuta kwenye mchanga wa uani, nikatembeza kokoto mbili. Nikamchelewesha huyu, nikamrudisha yule. Kila mara ziligongana, na kila mara nikafuta nikaanza upya, kwa sababu kama ameuliza wafanyeje, basi iko namna. Swali la pili niliona ni pambo tu. Mavuno yakaisha. Mzee alinitazama kila nilipopita barazani. Alisema "Ugonile," na alingoja kidogo baada ya salamu. Kisha akaacha kungoja. Mwisho wa mwaka nikaondoka kwenda Mbeya kurudia mtihani, nikabaki huko kufundisha.

Jibu nililipata huko, na halikutoka kitabuni. Nilikuwa napanda ngazi nyembamba za jengo tunalofundishia, mwanafunzi anashuka, tukagongana mabega katikati. Nikakaa kwenye ngazi. Hakuna namna. Lazima wakutane, na yule mzee alijua, na ndicho alichotaka kumwambia. Namba ya Bupe nilikuwa nayo. Niliandika ujumbe jioni ileile, nikaona hauelezi vizuri kwa nini nimechelewa, nikaufuta. Nikaandika mwingine. Nimeandika ujumbe ule kwa miaka, na kila mwaka ulihitaji maelezo marefu zaidi ya mwaka uliopita. Kisha nikapigiwa simu ya msiba.

Siku ya pili baada ya mazishi tulikuwa wawili nyuma ya jiko, tunasugua masufuria makubwa ya msiba kwa mchanga. Jiko sasa ni la tofali. Bupe amenenepa kidogo, ana watoto, sauti ni ileile.

"Nina fumbo," nikasema.

Akacheka kwa uchovu. "Leo? Haya, lete. Anayeshindwa anasugua hili lililoungua."

Nikamwambia, bila kutaja limetoka wapi. Hakuacha kusugua. "Lazima wakutane," akasema. "Huyu anatoka huku, yule kule, njia moja. Hata wafanyeje."

"Na kosa?"

"Kosa gani tena? Hapo hakuna mwenye ko..." Mikono yake ikasimama. Akanitazama. "Hili si lako, Sekela."

"Si langu."

"Alikupa lini?"

Nikamwambia. Nikamwambia na ya siku ya mvua: ujumbe gani haukufika, na ule mmoja uliofika. Wanawake upande wa pili walikuwa wanaimba wimbo wa kanisani huku wanapepeta mchele. Bupe alisikiliza mpaka mwisho, akachota mchanga mwingine, akaushika tu mkononi.

"Juzi kwenye kuaga," akasema, "nilipita mbele ya jeneza nikiangalia vidole vyangu vya miguu. Mama akaniambia, mtazame baba yako, sasa hakuna ubaya. Nikakataa. Nilisema mimi tangu ile siku ya vyungu nilishamkosea, sina uso wa kumtazama." Akauachia mchanga. "Ungeniletea juzi asubuhi tu. Ingetosha."

Tukashika sufuria, yeye sikio moja, mimi jingine, tukamwaga maji machafu kwenye migomba. Tuliporudi kukaa akasema, bila kunitazama, "Niambie tena alivyosema. Kwa maneno yake. Usitengeneze."

Nikaanza. Nikagundua kwamba kwa miaka yote ile nimelisafisha lile fumbo kichwani, nikalinyoosha, nikalipunguza, nikalifanya liwe zuri kama yale ninayowatungia wanafunzi, na sasa sijui tena lipi lake na lipi langu. Hayo ya maji marefu ni yake. Jua la utosi, sijui. Kila nilipofika mahali pa namna hiyo nilisema, "Hapa sina hakika," na kila mara mikono ya Bupe ilisimama kidogo juu ya sufuria, ikangoja, kisha ikaendelea kusugua.